Taa Mpya Juu ya Matumbawe

Jumatatu, 4 Agosti

Joto la maji nyuzi ishirini na sita. Chumvi sawa. Nimefuta kioo cha mbele cha tangi la matumbawe hapa hotelini, nimejazia maji yaliyopungua, nimelisha samaki na kamba. Kufikia saa nne tumbawe pembe limetoa minyiri yote, mikono yake midogo ya kulia. Tyubu ya tatu ya taa za juu imekufa. Ncha zote mbili nyeusi. Kati ya nane zimebaki saba.

Nimepiga simu duka la Kariakoo ninakonunua tyubu hizi tangu mwanzo. Hawaleti tena. Kijana wa dukani kaniambia kiwandani wameacha kutengeneza. Kanishauri nitafute taa za LED. Nimekata simu bila kuaga.

Saa tano Mama Lyimo, meneja wetu, katuita wafanyakazi wote mapokezi kututambulisha mkuu mpya wa matengenezo. Nimegeuka na ndoo mkononi. Ni Shabani.

Alikuwa mume wangu miaka kumi na tatu. Aliniacha miaka saba iliyopita kwa karatasi ya talaka aliyompa kaka yake aniletee. Mwenyewe hakuja. Mtoto wetu ni mmoja, Mwantumu, yuko chuo Dodoma. Baada ya talaka Shabani alihamia Kihonda, akafungua karakana ya umeme, mimi nikabaki Mafiga. Mji huu si mkubwa, ila tuliweza kutokutana.

Kanisalimia mbele ya watu, "Habari za siku, Mama Mwantumu." Nikajibu nzuri kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Namchukia. Nilidhani imepungua. Haijapungua hata kidogo.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya pili kazini na tayari ameanza na tangi langu. Kazunguka na Mama Lyimo hoteli nzima akiandika kila kitu, bomba, jenereta, viyoyozi. Wakasimama kwenye tangi. Nilikuwa nyuma nasafisha chujio, wakaongea kama vile sipo.

Anataka tyubu zitoke, ziwekwe LED. Kasema tyubu hazipatikani. Kasema zinakula umeme mwingi jenereta ikiwaka, zinapasha maji joto, na mwanga wake hushuka kila mwezi bila mtu kuona kwa macho.

Nikatoka nyuma ya tangi. Nikamweleza Mama Lyimo kwamba tumbawe ni mnyama, si ua. Ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo sana, na huo mwani ndio unaompikia chakula kwa mwanga. Tyubu humwaga mwanga kila upande, laini, tawi la juu na la chini yanapata. LED hupiga kama tochi. Juu inachoma, chini inaacha kivuli.

Shabani kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza mara ya mwisho kupima mwanga ilikuwa lini.

Nikainamia chujio. Mama Lyimo kasema kila mmoja aandike maoni yake, ataamua wiki ijayo.

Nilipima mwezi wa sita. Mwanga ulikuwa umebaki nusu ya ule wa tyubu mpya. Kila alichosema ni kweli. Ndicho kinachoniuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hoteli imejaa watu waliotoka kwenye maonyesho ya wakulima, viatu vina vumbi, watoto wanagonga kioo. Nimesema "msigonge" tangu asubuhi mpaka sauti imekauka. Milima ya Uluguru imefunikwa na ukungu tangu alfajiri, haikuonekana.

Tyubu ya sita imeanza kupepesa. Nimeizungusha kwenye soketi mpaka ikatulia. Sijamwambia mtu.

Nimepiga simu Dar maduka manne na Tanga moja. Moja ina tyubu mbili, za kuoteshea mboga. Rangi ya mwanga wake si ya matumbawe. Nimekataa, halafu nimekaa stoo na simu mkononi nikiona aibu, maana Shabani alisema hazipatikani.

Jumapili, 10 Agosti

Niko nyumbani. Nimefua. Sina hamu ya kula.

Lile tumbawe pembe nililileta mwenyewe likiwa na urefu wa kidole changu cha mwisho. Lilitoka kwenye shamba la matumbawe kisiwani nilikofundishwa kazi hii, na kibali chake nimekifungia kabatini mpaka leo. Eda yangu ilikuwa imekwisha wiki ileile. Nililibeba ndani ya mfuko wa maji, mapajani, kutoka Dar mpaka hapa, nikiugusa kila dakika kuhakikisha haupoi. Leo ni pana kuliko sinia la wali. Wageni huliinamia wakidhani ni la plastiki.

Hakuna kitu kingine nilichokianzisha miaka ile kikaendelea.

Jumatano, 13 Agosti

Mama Lyimo ameamua. LED. Kasoma karatasi zetu zote mbili, yangu kurasa tatu, ya Shabani nusu ukurasa. Kasema yangu imemfundisha mengi lakini haikumwambia tyubu zitapatikana wapi.

Nje ya ofisi Shabani kanisubiri. Kasema yeye anajua umeme, hajui matumbawe, kwa hiyo siku ya kufunga tukae pamoja nimwelekeze. Kaongea taratibu, mikono nyuma, kama mtu muungwana.

"Wewe si fundi?" nikamwambia. "Funga."

Neema wa mapokezi kasikia. Kainamisha uso kwenye kompyuta.

Nilifurahi saa nzima.

Jumatatu, 18 Agosti

Taa zimefika. Boksi mbili ndefu. Shabani yuko Dar kufuata vipuri vya jenereta, kwa hiyo nimezifungua mwenyewe. Nzito, nyeusi, zina feni ndogo na kidude cha kupandishia na kushushia nguvu, kutoka sifuri mpaka mia. Maelezo ni ya Kichina kitupu, na michoro miwili isiyosema kitu.

Mimi sihitaji maelezo. Hata mwanagenzi wa kisiwani anajua. Tumbawe lililozoea tyubu huliweki chini ya LED kwa nguvu zote. Unaanza na thelathini. Unakaa wiki. Unapanda kidogo, unakaa tena wiki. Mwezi na nusu, miezi miwili. Ukiwasha mia siku ya kwanza, mwani ulio ndani unageuka sumu, mnyama anautapika, anabaki mweupe na njaa.

Nilitaka kuandika hilo kwenye kikaratasi nikibandike juu ya boksi. Nimeshika kalamu. Nimeirudisha.

Atauliza.

Jumatano, 20 Agosti

Simu kutoka kijijini Matombo alfajiri. Mama yangu kateleza akishuka mtoni, mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Nimeomba ruhusa. Neema nimemwachia kazi ya kulisha na kujazia maji, anaijua. Taa zitafungwa Ijumaa. Shabani alikuwa juu ya ngazi akitoboa dari nilipopita na begi. Kasema, "Mpe pole Mama." Sikumpa hiyo salamu mtu yeyote.

Barabara mbaya kuliko mwaka jana. Pikipiki ilizima mara mbili mlimani.

Alhamisi, 21 Agosti. Matombo

Mfupa haujavunjika. Mganga wa zahanati ya misheni kaufunga, kasema apumzike wiki tatu. Mama kacheka. Hajawahi kupumzika siku tatu. Nimepika ndizi, nimeanua karafuu, nimesugua masufuria yote.

Hapa mtandao unashika sehemu moja, juu kwenye migomba ya marehemu mjomba. Nimepanda jioni kumjulisha Mwantumu hali ya bibi yake. Nikakuta ujumbe wa Shabani.

"Mama Mwantumu, shikamoo yangu kwa Mama. Kesho nawasha hizi taa. Niziweke kwenye ngapi?"

Nilisoma mara tatu. Nikaandika, thelathini. Nikaifuta.

Miaka saba iliyopita mimi nilimwandikia jumbe kumi na nne nikimwomba aje aniambie kosa langu kwa mdomo wake. Hakujibu hata moja. Ngoja aone.

Ijumaa, 22 Agosti. Matombo

Ujumbe wa pili, saa sita mchana. Kwamba Mama Lyimo anataka ziwashwe leo, wageni wa harusi wanaingia kesho, na kama sijaamua namba nimwambie tu asubiri, yeye atamweleza Mama Lyimo.

Ningeandika "subiri". Ningeandika namba. Nilikaa kwenye shina la mgomba mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikazima simu.

Nimemwambia Mama mtandao haupo.

Jumamosi, 23 Agosti. Matombo

Simu imezimwa. Mama kaniuliza nina nini. Nimesema uchovu. Kaniuliza kama Shabani bado anafanya kazi za umeme, maana taa ya jikoni inasumbua. Nimetoka nje.

Jumapili, 24 Agosti. Matombo

Sijapanda kule kwenye migomba. Nimechambua mchele saa mbili nzima.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi. Nimeingia mapokezi saa nane mchana na begi begani.

Tumbawe pembe jeupe. Si lote. Nusu ya juu, matawi yote yaliyo karibu na taa, meupe kama chaki. Minyiri imejifungia ndani. Tumbawe ubongo, lile la duara lenye mikunjo, lililo chini, limefifia upande mmoja.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kitu cha kwanza nilichosikia kifuani ni ushindi. Sekunde moja, labda mbili. Kisha nikashika kioo.

Juu ya tangi, chini ya taa, palikuwa na chandarua. Chandarua cha kitandani, cha buluu, kimekunjwa mara nne na kufungwa kwa waya pembeni. Nilijua mara moja ni cha nini. Mtu kaona mnyama anaungua, kamtafutia kivuli kwa alichonacho. Hata kisiwani tulikuwa tunafanya hivyo.

Nikakichomoa. Watu walikuwa wamejaa, wageni, wahudumu, Mama Lyimo katoka ofisini. Nikakiinua juu. Nikasema, "Tazameni fundi wetu. Anadhani matumbawe yanaogopa mbu."

Watu wakacheka. Shabani alisimama kwenye mlango wa jikoni na bisibisi mkononi.

Nikaendelea. Nikasema ameua kazi ya miaka saba ndani ya siku tatu kwa sababu hajui na hapendi kuuliza. Nimesema hivyo. Hapendi kuuliza. Na simu yangu ndani ya begi ina jumbe zake mbili.

Nilimsubiri atoe simu yake aonyeshe watu. Hakuitoa.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeshusha taa hadi ishirini. Nimezipandisha juu kwa minyororo. Chandarua nimekirudisha mwenyewe, kabla wengine hawajaingia kazini.

Weupe si kifo, si mara moja. Mnyama bado yumo, unamwona kama kamasi nyembamba juu ya mfupa. Akipata mwani mwingine kabla njaa haijamuua, anarudi. Nimelisha kwa bomba la sindano, tawi moja moja, saa mbili nzima.

Neema kaniambia yaliyotokea. Ijumaa waliwasha mia kwa sababu ndivyo zilivyotoka kiwandani na hakuna aliyejua vingine. Jumapili asubuhi Shabani kaona ncha zimebadilika. Kapiga simu yangu, haipatikani. Kashusha nguvu kwa kubahatisha, kaona haitoshi, kaenda Kihonda kwa bodaboda kuchukua chandarua cha kitanda chake.

Kama si kile chandarua, leo lingekuwa jeupe lote mpaka shina.

Naona heri angenitukana. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa silaha yake miaka yote, na sasa kaninyamazia tena, na safari hii mimi ndiye mwenye hatia. Namchukia zaidi.

Alhamisi, 28 Agosti

Matawi matatu ya juu yamekufa. Ngozi inabanduka ndani ya maji kama karatasi iliyolowa. Nimeyakata kwa koleo ili uozo usishuke. Sauti yake ni kama kuvunja muwa.

Mama Lyimo kaniita. Shabani yuko kwenye miezi ya majaribio, kumwachisha hakuhitaji sababu kubwa. Barua yake ya kuachishwa kazi itatoka Jumatatu. Kaniomba niandike maelezo mafupi ya kilichotokea, nitie saini. Nikasema sawa.

Jioni Mwantumu kapiga kutoka Dodoma. Kasikia kwa baba yake kwamba kazi itaisha, hakumwambia kwa nini. Kasikia kwa Neema, ambaye alisoma naye Mafiga, mengine yote.

Kauliza swali moja. "Mama, Baba alikuuliza kabla ya kuziwasha?"

"Hapana," nikasema.

Kasema, "Sawa, Mama." Kakata.

Sijawahi kumdanganya mtoto huyu kwenye jambo kubwa. Hata sababu ya kuachwa nilimwambia siijui, kwa sababu siijui. Nimekaa na simu mkononi mpaka chai imeota utando.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeandika yale maelezo mara mbili. Ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Kila sentensi ya kweli, na yote uongo. Nimeyachana.

Nawaza hivi. Ningemchoma Shabani kwa maji ya moto, watu wangenielewa, mwanamke aliyeachwa kwa karatasi. Lakini sikumgusa Shabani. Nimechukua kitu kisicho na mdomo, nilichokibeba mapajani, nikakitumia kumpigia yeye. Na yeye ndiye aliyeenda kukitafutia kivuli.

Siwezi kumsamehe yale ya zamani. Sitaki. Hayo ni yake. Haya ni yangu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefika saa moja na nusu. Mama Lyimo alikuwa anakunywa chai. Nimemwekea simu mezani, imefunguka kwenye zile jumbe mbili. Nimesema, "Aliniuliza. Nilisoma. Sikumjibu kwa makusudi."

Kasoma. Kaangalia tarehe. Kasoma tena. Kaniuliza kama nilikuwa naijua namba. Nikasema nilikuwa naijua, ni thelathini, na niliiandika nikaifuta.

Akakoroga chai ambayo haina sukari.

Kasema angeweza kunivumilia kama ningekosea. Kwamba watu wanakosea kila siku humu ndani, wanaunguza mashuka, wanafurisha vyoo. Hili si kosa. Kisha kamwita Shabani, kamwambia abaki kazini. Mimi mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na hautaongezwa. Mpaka hapo nimfundishe Shabani kulitunza tangi, hatua kwa hatua, na kila hatua iandikwe kwenye daftari.

Hilo la mwisho limeniumiza kuliko kufukuzwa.

Nilitoka. Shabani kanifuata mpaka kwenye ngazi. Kasema, "Hukulazimika."

Nikamuuliza kwa nini hakuzionyesha mwenyewe zile jumbe. Kasema kulikuwa na jumbe kumi na nne alizozinyamazia yeye, na kwamba alizihesabu. Halafu kasimama pale kama vile anasubiri niseme kitu.

Bado hajaniambia kosa langu lilikuwa nini. Nimekwenda kuchanganya maji ya chumvi.

Jioni nimempigia Mwantumu. Nimemwambia nilidanganya. Nimemweleza yote, na ile sekunde ya ushindi pia. Alilia. Kasema ana kipindi, kakata simu. Saa kumi na mbili jioni hakuna kipindi.

Jumatano, 10 Septemba

Somo la nne. Kupima chumvi. Shabani ana mikono mizito, kavunja bomba moja la kupimia. Nimemwambia mikono yake ni mizito. Kasema anajua. Hatuongei mengine. Yeye huandika, mimi huamrisha. Wakati mwingine namfokea zaidi ya inavyohitajika na naona raha.

LED ziko ishirini na tano. Lazima niseme, zinatii. Tyubu usingeweza kuziambia zishuke.

Mwantumu hajapiga siku tisa.

Ijumaa, 19 Septemba

Tyubu za zamani zimepelekwa stoo, zimefungwa kwa magazeti. Shabani kaniuliza zitupwe wapi, zina zebaki ndani. Nimemwambia zikae hapo mpaka apate mahali salama. Kaandika.

Leo alilisha peke yake. Alipita tawi moja moja, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alikuwa anafanya hivyo hata zamani akiunga nyaya. Nilikuwa nimesahau. Nilichukia kukumbuka.

Tumbawe bado jeupe.

Jumapili, 28 Septemba

Mwantumu kaja. Hakusema anakuja. Basi la Dodoma limemshusha saa tano, kaenda kwanza hotelini kwa baba yake, kisha ndio kaja Mafiga. Alinipa mkono, kaniamkia shikamoo kama mgeni. Nikaitikia.

Nilikuwa nimepika mchicha wa nazi na maharage. Tukala. Mvua ndogo ilipita juu ya bati, ikaacha.

Baadaye kasema ameliona tumbawe. Kasema chini, karibu na mwamba, kuna kiraka cha kahawia, kama doa la chai kwenye kitambaa, na Baba hajui kama ni uchafu au nini, hakutaka kukifuta kabla ya kuniuliza.

Nikamwambia si uchafu. Ni mwani unarudi ndani yake. Wasikifute.

Kauliza litachukua muda gani kurudi lote. Nikamwambia mwaka, labda miwili, na sehemu nyingine hazitarudi.

Kasema, "Haya." Akasogeza sahani, akaniuliza kama maharage yamebaki.

Yalikuwepo. Nimempakulia.